Siklameni Inapolegea Chunguni: Kusoma Dalili, Kutafuta Chanzo na Kuihamisha kwa Wakati Wake

Kila mwaka, kuanzia Septemba, maduka ya maua hapa Ujerumani hujaa siklameni: vyungu vidogo vyenye majani ya umbo la moyo yaliyochorwa kwa rangi ya fedha, na juu yake maua meupe, ya waridi au mekundu ambayo petali zake zimepinda kuelekea juu kana kwamba upepo umezivuma kutoka chini. Ifikapo Januari, mimea hiyohiyo naiona kwenye pipa la taka la jengo ninaloishi. Mara kadhaa nimeinama nikabonyeza kwa kidole gumba kiazi cha mmea uliotupwa, nikakikuta kigumu kama kiazi mviringo kilichotoka sokoni asubuhi. Mmea wa namna hiyo haujafa. Ama umechoshwa na joto, ama umeanza kulala, na aliyeununua hakuambiwa na mtu yeyote kwamba siklameni hulala.

Kwa hiyo, kabla ya kumwaga maji, kuongeza mbolea au kulifikiria pipa, namwomba msomaji afanye mambo matatu. Abonyeze kiazi. Anyanyue chungu ili ahisi uzito wake. Kisha aweke kipimajoto palepale mmea ulipo, usawa wa majani, wala asitegemee kile kinachoning'inia ukutani upande wa pili wa chumba. Karibu kila dalili nitakayoieleza hapa chini inaweza kuwa na vyanzo viwili vinavyopingana, na vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyovitenganisha.

Siklameni inayouzwa kwa ajili ya nyumbani ni Cyclamen persicum. Jina hilo linaitaja Uajemi, lakini kwao hasa ni vilima vya mashariki ya Mediterania: Uturuki, Siria, Lebanoni, Palestina, Israeli, Kupro na baadhi ya visiwa vya Ugiriki, na inapatikana pia Tunisia na Algeria. Hata upande wetu wa dunia una ndugu yake mmoja, Cyclamen somalense, aliyegunduliwa mwaka 1986 katika milima ya kaskazini mwa Somalia. Katika nchi hizo za Mediterania mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi huwa kikavu chenye jua kali. Mmea huchipua mvua za kwanza zinapoanguka, huchanua katika miezi ya baridi, kisha joto linaporudi hudondosha majani yote na kubaki kiazi kitupu ardhini hadi mvua nyingine. Joto kwake ni amri ya kulala. Asiyelijua hilo ataihangaikia bure.

Majani yanageuka manjano

Jani moja au mawili ya pembeni yakigeuka manjano huku mengine yakiwa imara, ni uzee wa kawaida, yang'oe tu. Wasiwasi uanze pale majani mengi yanapogeuka kwa pamoja ndani ya wiki moja au mbili.

Ikiwa ni kati ya Novemba na Februari, mmea ungali na matumba na kiazi ni kigumu, mshukiwa wa kwanza ni joto. Nyumba nyingi za hapa zina hita iliyofungwa chini ya dirisha, na ubao wa dirisha ulio juu yake ndipo watu wanapopanga maua yao. Siklameni hustawi kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi, na mchana huvumilia hata 18. Ikikaa siku nyingi juu ya 20 huona kiangazi kimefika, ikaanza kufunga kazi. Majira ya baridi yaliyopita niliweka vipimajoto viwili katika sebule yangu: cha ukutani kilisoma nyuzi 20, na kile nilichokiegemeza kwenye chungu cha dirishani, hita ikiwa imewaka, kilisoma 26. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa sweta. Mmea ulikuwa katika mwezi wa Julai.

Tiba yake ni kuuhamisha siku hiyohiyo. Chumba cha kulala ambacho hakiwashwi hita kinafaa, kadhalika ukumbi wa ngazi wenye dirisha, au baraza iliyozibwa kwa vioo ambayo haifikiwi na barafu. Mwanga uwe mwingi lakini jua la mchana lisiupige moja kwa moja, kwa hiyo dirisha la mashariki au la kaskazini ndilo bora. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayatarudi kuwa ya kijani. Dalili ya kwamba umefanikiwa ni kuwa baada ya siku kumi hivi hakuna mengine mapya yanayogeuka.

Hapa kuna kosa moja ambalo Mtanzania anayeishi Ujerumani hulifanya kwa urahisi, maana lugha yenyewe inamsukuma. Kijerumani huiita siklameni Alpenveilchen, na lile ua letu la milima ya Usambara, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya katika miaka ya mwanzo ya 1890, huitwa Usambaraveilchen. Majina yanafanana kama ya mtu na dada yake, na maduka huyapanga kwenye rafu moja. Lakini mimea hii haina undugu wowote, na mahitaji yake yanapishana kabisa: ua la Usambara hutaka joto la nyuzi 18 hadi 24 mwaka mzima, kiwango ambacho siklameni haiwezi kukaa nacho. Ukiviweka pamoja dirishani, kimoja lazima kiteseke. Kitu pekee wanachokubaliana ni kwamba vyote viwili huchukia maji yanayotuama kwenye shina.

Kama kipimajoto kinasoma 15 na majani bado yanageuka, ondoka kwenye joto uende kwenye maji. Chungu kizito, udongo wenye harufu ya matope yaliyolala, na vikonyo vilivyolainika pale vinapotokea kwenye kiazi ni ushahidi wa maji mengi. Acha kumwagilia hadi udongo wa juu ukauke kwa kina cha kifundo kimoja cha kidole, na hakikisha matundu ya chini ya chungu hayakuzibwa. Vyungu vingi vya dukani huuzwa vikiwa ndani ya karatasi inayong'aa au chungu cha nje kisicho na tundu. Vua hivyo vyote, kwa sababu maji yanayokusanyika humo hayaonekani na mizizi hukaa ikiogelea.

Ikiwa ni Aprili au baadaye, maua yamekwisha, na manjano inakuja polepole kutoka majani ya nje kwenda ya ndani, hakuna ugonjwa. Mmea unaenda kulala, na jinsi ya kuusindikiza nitaieleza nitakapofika kwenye kuhamisha chungu.

Lipo jambo la nne, nalo ndilo la kusikitisha kuliko yote. Majani hugeuka manjano kwanza upande mmoja wa mmea, mengine hulegea ingawa udongo una unyevu wa wastani, na kiazi bado ni kigumu. Ukikikata katikati unakuta madoa na mistari ya kahawia nyekundu kwenye nyama ambayo ingepaswa kuwa nyeupe. Huo ni mnyauko wa kuvu aina ya Fusarium, unaokaa katika mishipa ya mmea. Hauna tiba nyumbani. Tupa mmea pamoja na udongo wake wote, usiutie kwenye mboji, na chungu ukioshe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kupanda kitu kingine.

Mmea mzima umelala juu ya ukingo wa chungu

Hii ndiyo dalili inayoogofya, kwa kuwa hutokea ghafla: jioni umeuacha umesimama, asubuhi vikonyo vyote vimeanguka kuzunguka chungu kama nywele zilizolowa. Wengi hukimbilia maji bila kufikiri, na hapo ndipo mimea mingi inapopotea, maana kiu na uozo hutoa sura ileile. Mmea wenye kiu hauna maji ya kunywa. Mmea uliooza mizizi una maji tele lakini hauna mdomo wa kuyanywea.

Nyanyua chungu. Kama ni chepesi kama kopo tupu na udongo umejitenga na kuta, ni kiu. Weka chungu ndani ya bakuli lenye maji ya joto la chumba, kina cha vidole viwili, ukiache kinywe kwa dakika 20 hadi 30, mpaka udongo wa juu ubadilike rangi kwa unyevu. Kitoe, kiache kichuruzike, na mwaga maji yaliyobaki. Ndani ya saa chache vikonyo huanza kunyanyuka kimoja kimoja, na kufikia kesho yake mmea umesimama. Baadhi ya maua huenda yasinyanyuke, hayo yang'oe. Hali hiyo ikijirudia mara nyingi, matumba hukauka kabla ya kufunguka na majani ya pembeni hupotea, kwa hiyo kuinuka kwa haraka kusimfanye mtu aifanye kuwa mazoea.

Kama chungu ni kizito, usiongeze hata tone. Bonyeza kiazi pande zote, hasa utosi, yaani pale juu ambapo majani yote hutokea. Kikibonyea na kutoa majimaji yenye harufu mbaya, ni uozo laini wa bakteria, na mmea hauokoki. Kikiwa bado kigumu, utoe chunguni uangalie mizizi. Mzizi hai ni imara, mweupe au wa kahawia hafifu. Uliokufa ni mweusi, na ukiuvuta ganda lake hubaki mkononi huku uzi mwembamba ukining'inia. Kata iliyokufa, pandikiza upya kwenye udongo mkavu kiasi, punguza majani, na uuweke mahali pa baridi. Mara nyingine hupona. Sikuahidi zaidi ya hapo.

Kuna chanzo cha tatu ambacho hugunduliwa tu mmea unapotolewa chunguni: mabuu ya fukusi, meupe, yenye kichwa cha kahawia, yaliyojikunja kama herufi C, yakiwa yamekula mizizi na kutoboa kiazi kutoka chini. Onyo lake huwa lilitolewa mapema, kwa kuwa fukusi mwenyewe, mdudu mweusi atembeaye usiku, hukata kingo za majani vipande vya nusu duara kama vilivyokatwa kwa mkasi. Ukiona mikato hiyo kwenye mmea uliokaa nje wakati wa kiangazi, usingoje ulegee. Utoe, ondoa udongo wote, okota mabuu kwa mkono, na panda kwenye udongo mpya. Kwa vyungu vingi vilivyo nje, maduka ya bustani huuza minyoo midogo ya nematodi inayochanganywa na maji na kumwagwa kwenye udongo ili iwashambulie mabuu, na hufanya kazi vizuri udongo usipokuwa wa baridi sana.

Ukungu wa kijivu kwenye utosi

Niliwahi kununua siklameni iliyofungwa vizuri kwa plastiki, nikaifungua nyumbani na kukuta katikati yake matumba kumi na zaidi yamefunikwa na manyoya ya kijivu, yakitoa vumbi nilipoyagusa. Duka halikuwa na nia mbaya. Plastiki ilizuia hewa, na mtu alikuwa ameimwagilia kutoka juu. Ukungu huo huitwa Botrytis cinerea, ndio uleule unaoharibu zabibu na stroberi, nao huota juu ya kitu chochote kilichokufa au kujeruhiwa penye unyevu na hewa iliyotuama.

Ndiyo maana maji ya siklameni hupitia chini au kandokando ya ukingo, kamwe si katikati. Na ndiyo maana ua au jani lililokwisha halikatwi kwa mkasi. Ukikata, kisiki cha kikonyo hubaki, huoza, na uozo hushuka hadi kwenye kiazi. Shika kikonyo karibu kabisa na shina lake, kisokote kidogo, kisha kivute kwa mshtuko mmoja mfupi. Kitatoka kizima kwa sauti ndogo ya kukatika, na sehemu yake ya chini itakuwa nyeupe. Kikikataa kutoka, hakijawa tayari, au umekishika juu mno. Kazi hii ni ya kila wiki, nayo ina faida nyingine: ua likichavushwa na kuachwa, mmea huanza kulea mbegu badala ya kutoa matumba mapya. Ukungu ukishaingia, ng'oa kila kilichoguswa, panguza utosi kwa karatasi kavu, tenga majani ili hewa ipite, na usimwagilie kwa siku kadhaa.

Matumba hayafunguki, au maua hayadumu

Fungua majani taratibu kwa vidole utazame katikati. Matumba mengi yaliyo madogo, ya kijani, yaliyokwama chini ya kivuli cha majani yanahitaji mwanga. Sogeza mmea karibu zaidi na dirisha na ondoa majani machache yaliyozeeka. Matumba yaliyokauka yakiwa na rangi ya kahawia yanaonyesha hewa kavu ya hita au ukame wa siku moja mbili uliokwisha kusahauliwa. Majani makubwa, mazito, ya kijani kilichokolea, na maua machache yaliyofichwa humo ni matokeo ya mbolea yenye nitrojeni nyingi. Siklameni inataka mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi, ile inayouzwa kwa ajili ya nyanya, ikizimuliwa hadi nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila baada ya wiki mbili. Kingo za majani zikiwa za kahawia na udongo una ukoko mweupe juu, mbolea imezidi.

Maua yanayoanguka mapema ingawa chumba ni baridi yananifanya niulize swali moja: je, kuna bakuli la matunda karibu? Ndizi na tufaha zinapoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyazeesha maua ya siklameni. Jikoni, hata kama ni baridi, si mahali pake.

Matumba yaliyopinda, maua yenye michirizi isiyo ya kawaida na majani machanga yaliyojikunja, kuwa mazito na kukatika kwa urahisi ni kazi ya utitiri wa siklameni, Phytonemus pallidus. Hutamwona kwa macho, maana urefu wake ni kama robo ya milimita, naye hujificha ndani ya tumba mahali dawa za kupuliza hazifiki. Kwa mtu wa nyumbani mwenye chungu kimoja au viwili ushauri wangu ni kuutupa mmea mapema, kuosha mikono, na kuichunguza mimea jirani, ua la Usambara likiwamo, kwa kuwa utitiri huyu hulipenda pia. Vidukari ni jambo dogo. Wapanguze kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Pete za manjano au za kahawia kwenye majani, duara ndani ya duara, huashiria virusi vinavyoenezwa na vithiripi, wadudu wadogo wembamba wanaofyonza majani, na hapo pia hakuna tiba.

Kuhamisha chungu

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama siklameni iliyonunuliwa leo, ikiwa na maua, ihamishiwe kwenye chungu kikubwa. Isihamishwe. Wakati wa maua mizizi inafanya kazi kwa nguvu zote, na kuisumbua huleta kulegea na kupoteza matumba. Kuhamisha kuna wakati wake, nao huja kati ya usingizi na kuamka.

Usindikize kwanza kulala. Maua yanapokwisha, kwa hapa kati ya Machi na Mei, acha mbolea na punguza maji kidogo kidogo kadiri majani yanavyopungua. Usiyang'oe yakiwa ya kijani. Kiazi kinarudisha akiba yake kutoka humo. Yakikauka yote, weka chungu mahali penye kivuli, penye hewa, pasipofikiwa na mvua, na umwagilie kijiko au viwili ukingoni kila baada ya wiki mbili au tatu ili kiazi kisisinyae. Hukaa hivyo miezi miwili hadi mitatu. Baadhi ya aina za kisasa hazimalizi majani yote. Hizo usizilazimishe kwa kuzinyima maji, zimwagilie kwa kiasi na kuziacha kivulini.

Kuanzia Agosti, usiku unapoanza kupoa, chunguza utosi kila siku chache. Siku moja utaona vitone vyekundu hafifu, vidogo kama vichwa vya pini, vimesimama kwenye makovu ya vikonyo vya zamani. Hiyo ndiyo siku.

Vaa glavu kama ngozi yako ni nyepesi kuwasha, kwa sababu kiazi kina saponini, nayo ni sumu kwa paka na mbwa wakikitafuna. Maganda na mizizi utakayoikata usiiache sakafuni. Geuza chungu, kigonge ukingoni, na upokee donge la udongo kwa kiganja. Vunja udongo wa zamani kwa vidole, taratibu, ukikata mizizi iliyokufa na kuiacha iliyo hai. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 2 au 3 tu za upana. Siklameni huchanua vizuri ikiwa imebanana, na udongo mwingi usio na mizizi hushika maji ambayo hakuna anayeyanywa. Mimi hupendelea chungu cha udongo wa kuchoma kuliko cha plastiki, maana hupumua na huonyesha kwa rangi yake kama ndani kuna unyevu.

Udongo uwe mwepesi na wenye uchachu kidogo: sehemu mbili za udongo wa maua usio na mbolea kali, sehemu moja ya mboji ya majani yaliyooza kabisa, na sehemu moja ya perlaiti, yaani zile chembe nyeupe nyepesi zinazouzwa kwenye maduka ya bustani, au mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Mchanga wa baharini haufai kwa sababu ya chumvi.

Sasa jambo ambalo watu hulikosea kuliko yote, nami nililikosea mwaka wa kwanza. Kiazi cha Cyclamen persicum hakizikwi chote. Theluthi moja hadi nusu ya sehemu yake ya juu ibaki nje ya udongo, utosi ukiwa mkavu. Mimi nilikuwa nimefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa siklameni za bustanini, kama Cyclamen hederifolium, ambayo hutoa mizizi juu na ubavuni mwa kiazi na hivyo huhitaji kufunikwa. Yetu hutoa mizizi chini. Nilikifunika kwa upendo, nikamwagilia, na baada ya wiki tatu nilichimbua uji. Ukikuta mashauri mawili yanayopingana kuhusu kina, uliza kwanza ni siklameni ipi inayozungumzwa.

Hakikisha pia upande ulio juu ndio wa juu. Kwenye kiazi kisicho na majani, upande wenye makovu ya vikonyo huelekea juu, na ule wenye nyuzi za mizizi chini. Wala usijaribu kukigawanya ili upate mimea miwili kama ufanyavyo kwa viazi vitamu au tangawizi. Hakitoi watoto, na vipande huoza. Siklameni mpya hupatikana kwa mbegu, zinazooteshwa gizani katika nyuzi 15 hadi 18 kwa wiki nne hadi sita, na kuchanua baada ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu.

Baada ya kupanda, mwagilia kidogo ukingoni na uweke chungu penye baridi na mwanga. Ongeza maji kadiri majani yanavyoongezeka, na anza mbolea majani ya kwanza yanapokuwa makubwa kuliko sarafu.

Wiki sita zikipita na hakuna kinachoota, rudi kwenye kiazi. Kikiwa kigumu, uwezekano mkubwa ni kwamba bado kuna joto, na kinachotakiwa ni kungoja usiku upoe. Kikiwa kigumu lakini kimesinyaa kama embe lililosahauliwa, kiloweshe kutoka chini mara moja kisha ungoje. Kikiwa laini, kimekufa.

Kalenda isiyofuata Ulaya

Shangazi yangu anaishi Lushoto, na aliipata siklameni yake kwa jirani. Februari alinipigia simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hili ua lako ulilolisifia limekwisha. Halina hata jani. Nilitupe?"

Nilimwomba akabonyeze kiazi. Nilimsikia akiweka simu mezani, kisha akarudi. "Kigumu. Kama jiwe."

Kwake Februari ni mwezi wa joto na ukame, kwa hiyo mmea ulikuwa umelala kwa haki yake, ingawa wa kwangu wakati huohuo ulikuwa na maua kumi na tano. Miezi niliyoitaja juu ni ya Ujerumani. Nyanda za juu kama Lushoto, Mbeya au Limuru baridi huja Juni hadi Agosti, na msimu wa siklameni husogea kuifuata. Tanga na Dar es Salaam usiku haupoi vya kutosha, na huko mmea huu ni shada la wiki chache. Sioni sababu ya kumdanganya mtu. Lakini milimani kuna nafasi nzuri kuliko kwenye sebule nyingi za Ulaya zenye hita.

Hatari ya milimani ni mvua. Vichwa vya pini vilipotokea mwezi wa Mei, sita kwa hesabu yake, masika yalikuwa hayajaisha, na chungu kilichoachwa uani kingejaa maji kwenye utosi usiku mmoja. Tulikihamisha pamoja kwa simu, yeye akishika kiazi, mimi nikisema kiasi gani kibaki nje. Sasa kiko barazani chini ya paa, na maji anakipa kwa kisahani.